Daktari hatazami simu, anataka daftari. Hii programu ya sukari niendelee nayo?

MamaCherehani (Morogoro)

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni fundi cherehani, niko Kihonda hapa Morogoro, umri miaka 49. Sukari nilikutwa nayo 2019, ile aina ya pili, presha nayo ikaja nyuma yake. Nameza metformini na glibenklamaidi za sukari, na amlodipini ya presha, na kila mwezi nahudhuria kliniki kituo cha afya.

Mwanangu wa chuo alikuja likizo akaniwekea kwenye simu programu ya kuandika sukari, presha, chakula na saa za dawa. Ukishaandika inakuchorea mstari unaopanda na kushuka. Nikafurahi, nikajiona wa kisasa. Kesho yake asubuhi kabla sijala nikapima, mashine ikasoma 9.4. Nikaandika. Simu ikawa nyekundu skrini nzima: sukari yako imeshuka kupita kiasi, kunywa kitu kitamu sasa hivi! Nikatia vijiko viwili kwenye chai, nikakoroga, kikombe kimeshafika mdomoni ndipo nikajiuliza: mbona sitetemeki? Mbona jasho hakuna? Chai nikaimwaga nje, nikampigia mtoto. Akanijibu, "Mama, labda ina hitilafu." Akaishia hapo.

La pili ni kliniki. Foleni yetu inaanzia barazani. Nimeingia na simu yangu, daktari ananiuliza, "Mama, daftari liko wapi?" Nikamwonyesha simu. Nagusa huku, inarukia kule, skrini ikazima, nikaweka namba ya siri nikakosea. Muuguzi ameshamwita mwingine. Kwa hiyo sasa naandika mara mbili, kwenye simu na kwenye daftari, kama karani wa mahakama.

La tatu vidole. Fundi anaishi kwa ncha za vidole. Juzi nimepima, nimerudi kwenye kazi, tone likadondoka kwenye kanzu nyeupe ya mteja, kwenye kola kabisa. Na stripu zenyewe, vile vijikaratasi vya kudondoshea damu kwenye mashine, si bei ya karanga. Nikijibana napima mara nne kwa wiki.

Mnaotumia hizi programu, zimewasaidia nini hasa? Au nirudi zangu kwenye daftari?

KopoLaStripu (Dodoma)

Dada, programu yako nzima, ila imewekwa kwenye vizio vya Kimarekani. Mashine zetu nyingi zinasoma mmol/L, wao wanatumia mg/dL. Namba yetu ukiizidisha kwa 18 unapata ya kwao, yaani 9.4 yako kwao ni kama 169. Simu ilipoona 9.4 ikaamini kuna mtu anazimia. Ingia kwenye mipangilio, tafuta vizio, badilisha. Halafu futa zile za mwanzo uziandike upya, maana kuna programu ukibadilisha kizio nazo zinagawanya namba za zamani kwa 18, utakuta umeandikiwa 0.5, upige kelele bure.

Kushuka kwenyewe ni chini ya 4.0. Hapo ndipo unaweka sukari vijiko vitatu vinne vya chai kwenye maji, unakunywa, unasubiri dakika 15, unapima tena.

Kuhusu vidole, toboa ubavuni mwa kidole, siyo kwenye nyama ya ncha, na chukua cha pete au kidogo cha mkono usioshika sindano. Na unawe kwanza kwa maji na sabuni, ukauke. Mimi msimu wa maembe nilisoma 17.8, nikaanza kuaga watoto. Nikanawa, nikarudia: 8.1. Nilikuwa nimetoka kumenya embe dodo.

SistaKliniki

Pole dada yangu. Mimi ndiye yule muuguzi anayeita mwingine, siyo wa kwenu, lakini ndiye. Sikatai simu kwa dharau. Asubuhi ya kliniki nina watu wanaosubiri toka saa kumi na mbili, na kila programu ina sura yake; mmoja anaweka sukari juu, mwingine ameificha chini ya picha ya tufaha. Kujifunza simu ya kila mgonjwa siwezi.

Usiandike mara mbili. Andika kwenye simu tu, halafu siku moja kabla ya kliniki kaa chini unakili ukurasa mmoja wa daftari, wiki mbili za mwisho. Programu nyingi zinatoa ripoti ya kuchapishwa pia, ukiwa na duka la steshenari karibu na nyumbani. Nikipata karatasi moja nasoma ndani ya dakika moja.

Na namba peke yake hainisaidii. Ukiniletea 11.2 nitakuuliza kabla ya kula au baada? Ulimeza dawa? Kulikuwa na msiba, ukala pilau saa nane? Sehemu ya maelezo kwenye programu ndiyo watu wanairuka, na ndiyo mimi naitafuta. Andika neno moja tu: msiba, safari, homa, dawa ziliisha.

Kwa stripu nne kwa wiki usizimalizie zote asubuhi. Pima mbili mbili: kabla ya mlo na saa mbili baada ya mlo huohuo. Leo ugali wa mchana, siku nyingine wali wa jioni. Utaona mwenyewe sahani ipi inakupandisha. Na siku ukijisikia tofauti, pima saa hiyohiyo, usisubiri ratiba. Stripu hiyo haijapotea.

Presha: kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Wewe na cherehani ya miguu, ukitoka kukanyaga ukapima papo hapo unapima kazi. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi na jioni, siku saba kabla ya kuja.

Dozi usibadilishe kwa sababu simu imekuwa nyekundu au kijani.

Mvita001 (Mombasa)

Hujambo dada. Mimi nakuongezea moja kabla hujashawishiwa dukani: zile saa za mkononi zinazodai kupima sukari bila kutoboa, zikimbie. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Kile kibandiko cha mkononi kinachotuma namba kwenye simu ni kitu kingine, kile kina kijisindano ndani.

Mimi niliinunua yangu barabarani. Ikawa kila siku sukari 5.6, hata baada ya haluwa na kahawa. Nikaingiwa na shaka, nikaifunga kwenye ndizi mbivu. Wallahi ndizi ikapata presha 118 kwa 76. Ndizi ina afya kunishinda mimi. Sasa anachezea mjukuu.

Kalamu_ya_Bei_Poa

Daftari halihitaji chaji wala bando. Nimemaliza.

KopoLaStripu (Dodoma)

@Kalamu daftari langu lilinyeshewa nikapoteza miezi minne. Kila kitu na ajali yake.

MamaCherehani (Morogoro)

Narudi baada ya wiki tatu, asanteni wote. Vizio nimebadilisha, wekundu umepungua. Kanzu niliiloweka maji baridi na chumvi, ikatoka, mteja hajui mpaka leo.

Sasa sikieni. Kwa muda mrefu kuna siku nikitunga uzi kwenye sindano unakataa. Nalowesha ncha, nalenga tundu, mkono unacheza. Nikasema macho hayo, nikaanza kudunduliza hela ya miwani mipya. Sista aliposema pima saa hiyohiyo unapojisikia tofauti, siku hiyo uzi ulipokataa nikapima. 3.7. Nikakunywa maji ya sukari, nikasubiri zile dakika 15, uzi ukapita mara moja. Kwenye maelezo nikaandika "soko". Wiki iliyofuata tena, 3.6, nikaandika "soko".

Nilipokaa kunakili ule ukurasa ndipo nikaona zote mbili ni Alhamisi saa tano asubuhi. Alhamisi naenda soko la Chifu Kingalu kufuata bitana na zipu. Namezea dawa maji saa kumi na mbili na nusu nikimbilie daladala, chai nakuja kunywa nikisharudi. Daftari langu la miaka yote lina asubuhi tupu; saa tano sijawahi kupima hata siku moja.

Daktari alishika ile karatasi akaitazama kuliko alivyowahi kunitazama mimi. "Alhamisi unafanya nini?" Nikamweleza. Glibenklamaidi amenipunguzia, na ameniambia isipite kooni kama chakula hakipo mezani. Akanipangia kurudi baada ya wiki mbili, siyo mwezi. Alhamisi hii nimekula viazi vitamu viwili kabla ya kutoka, saa tano nikasoma 6.8.

Miwani nimeahirisha. Ila kengele ya dawa ya programu inalia saa kumi na mbili kamili na inamwamsha mzee wangu aliyetoka lindo usiku. Nimeizima mara tatu, inarudi. Anayejua inapozimwa anielekeze taratibu, mtoto ameshapanda basi kurudi chuo.