Msaada: bata wa nyama miguu inapinda tangu nianze kuwapa pumba za kuchachusha

Wakuu habari zenu, nina bata Pekin 40 wa nyama, wana wiki 5 sa hivi. Chakula cha kununua kilinielemea nikaanza kuchachusha pumba za mahindi na maganda ya mihogo na molasi kidogo kwenye pipa, nafunika siku 6 ndo nawapa. Mwanzoni walikuwa wanakigombania balaa, ila sasa uzito hauongezeki na watatu wanakaa tu, ukimsimamisha mmoja anatembea hatua mbili anakaa tena, miguu imepinda. Nawapa hicho tu. Nakosea wapi jamani, inaniuma kuwaona vile.

Mfugaji_Mkongwe: Pole sana mkuu. Tatizo ni hapo kwenye "hicho tu". Kuchachusha kunasaidia chakula kikae na kisagike vizuri tumboni lakini pumba haigeuki kuwa soya, na bata wa umri huo anataka protini kama asilimia 16 mpaka 18, kwa mchanganyiko wako hufiki. Rudisha chakula kamili leo leo, halafu cha kuchachusha kianze asilimia 10 ya chakula chote, panda taratibu mpaka 20 hivi. Miguu nayo, bata anahitaji niasini (vitamini B3) nyingi kuliko kuku na ya kwenye mahindi haimfikii vizuri, wawekee vitamini B kwenye maji ya kunywa usisubiri kesho.

MamaVifaranga: Kaka mimi nauliza pipa. Ukifungua linanukaje? Inatakiwa harufu ya uchachu kama maziwa mgando, ikinuka uvundo hiyo imeoza haijachachuka. Na ukikamata konzi ukaminya lishikane donge bila maji kuchuruzika, af ushindilie kweli kweli hewa isibaki, maana hewa ndo inaleta ukungu.

Mleta mada: Harufu iko sawa dada ila juu huwa kuna ukungu wa kijani, naukwangua nachota wa chini.

MamaVifaranga: Hapana kaka, usifanye hivyo tena! Sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) haikai juu tu, na usitegemee kuchachusha kuitoa. Bata ni mwepesi mno kwa hiyo sumu, mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa mashudu ya karanga yenye sumukuvu na vifaranga vya bata navyo vilikufa. Maganda ya mihogo yakatekate uyaanike kwanza, yana sumu ya sianidi.

Juma_wa_Banda: Kuongezea tu, kilichobaki kwenye chombo usikiache kilale, kikioza kinaweza kuleta botulizimu (sumu ya bakteria inayolegeza misuli), utaona bata shingo imelegea kama kamba. Na maji yawe karibu na chakula, bata hula huku anakunywa.

Mleta mada: Asanteni sana. Nimefungua pipa la pili sa hivi, ukungu umeshuka karibu kiganja kizima. Nalichimbia shimo lote. Wale watatu nimewatenga kwenye majani makavu, vitamini nimeshaweka, mmoja kanywa.