Mbuga ya bahari Malindi: irudi kwa kaunti ama ibaki KWS (shirika la serikali la wanyamapori)?

Mwana Mambrui: Wajameni tujadili hili kwa heshima. Tangu serikali iseme mbuga ya Amboseli inarudi kaunti ya Kajiado, na Maasai Mara tunajua miaka yote iko chini ya Narok, najiuliza sisi Kilifi tumekosa nini. Mbuga ya bahari ya Malindi na ile ya Watamu ziko tangu 1968, KWS yenyewe haijazaliwa, mtalii anashuka hapo Casuarina analipa, pesa inapanda Nairobi, sisi twabaki kumuuzia vikoi na madafu. Mimi nasema irudi nyumbani. Nyinyi mwasemaje?

Kijana wa Barani: Nyumbani kwa nani? Kaunti ni gavana, leo huyu kesho yule, kila mmoja anakuja na binamu zake wa kuajiri. Mwaka wa kwanza tu utasikia shemeji wa mtu ndo meneja wa matumbawe na hajui kuogelea.

Mwana Mambrui: Barani punguza matusi. Kwani wa Nairobi wanajua kuogelea?

Wakili Bila Joho: Mnachanganya vitu viwili. Mara ni rizavu (hifadhi), haijawahi kuwa mbuga ya taifa, ndo maana Narok wanaiendesha. Malindi ndani ni mbuga ya taifa kabisa, huvui hata kaa, halafu inazungukwa na rizavu ambako mvuvi wa kienyeji anaruhusiwa. Na hiyo Amboseli si mara ya kwanza, Rais Kibaki aliitoa 2005 kwa tangazo la gazeti la serikali, korti ikaja ikalitupa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka bunge liridhie, na Jedwali la Nne la katiba linasema kulinda wanyamapori ni kazi ya serikali kuu. Sasa mtaanzia wapi?

Mwana Mambrui: Wakili shukran ila hapa hatuko kortini, hapa twaongea haki.

Wakili Bila Joho: Haki bila sheria ni kelele za maskani.

Nahodha Mstaafu: Nimepeleka wageni na boti ya kioo tangu nywele zangu nyeusi, wacha niwaambie. Mwagombania nani ashike funguo na nyumba yajaa mchanga. Kaskazi ikishika, maji mekundu ya mto Sabaki yanashuka huku kwetu, siku nyingine mgeni anachungulia kwenye kioo haoni ila chai ya maziwa, anataka kurudishiwa pesa. Ule ni udongo wa Ukambani huko, mashamba yanakatwa miti mvua inakomba, kaunti ya Kilifi itaenda kuzuia mvua Machakos? Na 1998 bahari ilipochemka matumbawe yakageuka meupe yakafa, hakuna aliyeulizwa kama ni ya kaunti ama ya KWS. Halafu mkitaka kujua nani kamaliza bahari hii waulizeni wenzetu wa Lamu na majuya yao, zile nyavu za kukokota, kule kasa ni kitoweo cha Ijumaa.

Msi wa Kizingitini: Nahodha ngoja hapo hapo. Kitoweo cha Ijumaa? Watu wa Lamu hatukosi kutajwa, mui ukiwaka moto Malindi basi kiberiti chatoka Lamu. Kwa taarifa yako Kiunga ni rizavu ya bahari tangu 1979, kasa hutaga kule, na vijana wetu ndio wanaokesha ufuoni kuwekea mayai alama yasikanyagwe. Yeo waniambia mimi mla kasa.

Nahodha Mstaafu: Sijasema wewe.

Msi wa Kizingitini: Umesema wa Lamu. Mimi natoka Somalia?

Kijana wa Barani: Lakini kaka si kweli nyinyi Wabajuni wa Lamu ndo mlikuwa mkivua kasa kwa samaki? Yani samaki anatumwa kumshika kasa, babu yangu alikuwa akisimulia nikafikiri ni ngano.

Msi wa Kizingitini: Si ngano, na hilo siwezi kulionea haya maana ni akili za wazee wetu. Huyo samaki ni chazo, yule anayejibandika kwenye papa, ana kitu bapa kichwani kama soli ya raba. Wanamvua mzima, wanamfunga kamba mkiani, wanamweka majini ubavuni mwa dau. Akionekana kasa amezuka kuvuta pumzi, chazo anaachiliwa, anakwenda mwenyewe akanasa kwenye gamba, nahodha analegeza kamba kasa apige mbizi zake achoke, ndo wanavuta taratibu. Ukivuta kwa pupa akatoka umepoteza vyote. Na ukitaka kumbandua chazo humvuti nyuma, wamsukuma mbele anaachia mwenyewe. Hayo ni ya zamani kabla ya sheria, na palikuwa na kasa tele.

Kijana wa Barani: Aisee. Hii peke yake ni maonyesho, Mtaliano angelipa.

Bi Mkubwa wa Shela: Muacheni kasa jamani. Pemba juzi juzi wamekufa watu thelathini kwa kumla.

Wakili Bila Joho: Si thelathini Bi Mkubwa. Ni Machi 2024, kisiwa cha Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja, wengine wengi wakalazwa. Na 2021 ilitokea huko huko Pemba, watu 7.

Bi Mkubwa wa Shela: Haya, tisa. Kwani tisa ni kuku? Na hata asingekuwa na sumu, si ni haramu?

Kijana wa Barani: Haramu kivipi na ni cha baharini?

Bi Mkubwa wa Shela: Mwenye kuishi pande mbili si samaki mwanangu. Muulize ustadhi wako.

Mwana Mambrui: Jamani mada. MADA. Kaunti ama KWS?

Kadzo wa Chakama: Mimi nimewasoma tangu asubuhi nikacheka. Nyinyi wa pwani kabisa mnashikana mashati kwa kasa ambaye hajawahi kumfanyia mtu kitu. Sisi huku ndovu wa Tsavo wakikosa maji wanashuka mpaka mtoni, na njia ya kwenda mtoni ni shamba langu. Hawali tu, wanakanyaga, wanang'oa mhogo wanauangusha hapo hapo hata hawautaki. Tunakesha na madebe na tochi, watoto wanaenda shule usingizi machoni. Nimejaza fomu za fidia, nikaambiwa subiri, nikarudi nikaambiwa faili inatafutwa. Mkishamaliza kugawana pesa za Casuarina mnikumbuke.

Kijana wa Barani: Dada pole, ila fidia si milioni 5? Mngekuwa matajiri wote huko.

Kadzo wa Chakama: Milioni 5 ni ya MAITI wewe. Ulemavu wa maisha 3. Mahindi yana hesabu zake za afisa wa kilimo. Unataka nife kwanza ndo nitajirike?

Wakili Bila Joho: Kwa hilo Kadzo yuko sahihi, viwango ndivyo hivyo sheria ya 2013. Shida ni kulipwa.

Kadzo wa Chakama: Asante. Na msisahau kabla ya Tsavo kutangazwa mbuga 1948 ile nchi ilikuwa na wenyewe. Waata, jamii ya wawindaji wa huku, walikuwa wakiwinda ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu, nyama wanakula. Miaka ya hamsini wakasakwa wakafungwa, wakaitwa majangili kwenye nchi yao wenyewe. 1977 uwindaji ukapigwa marufuku Kenya nzima. Sasa ndovu ana mwenyewe, mimi sina.

Nahodha Mstaafu: Lakini Kadzo hao Waata nao waliuza pembe, tusifanye kila mzee kuwa malaika. Pembe zilishuka hapa pwani zikapakiwa, hilo linajulikana.

Kadzo wa Chakama: Zilishuka kwa nani Nahodha? Nani alikuwa na majahazi? Mnunuzi hajafungwa, kafungwa mwenye upinde.

Kijana wa Barani: Hapo Nahodha umepigwa na chazo 😂

Mwana Mambrui: Sasa kwa maneno haya haya ya Kadzo, kaunti ingekuwa ndo inashika mapato, si angemfuata mwakilishi wadi wake badala ya faili Nairobi?

Kadzo wa Chakama: Mwakilishi wadi namwona wakati wa kura. Ndovu namwona kila kiangazi.

Bi Mkubwa wa Shela: Mimi swali langu, boti za kioo zile zikiwa za kaunti bei ya mwananchi itashuka? Maana wajukuu zangu wamezaliwa hapa na matumbawe wanayaona kwenye simu.

Nahodha Mstaafu: Boti si za KWS Bi Mkubwa, ni zetu. Bei ni ya mafuta.

Bi Mkubwa wa Shela: Basi tatizo ni nyinyi.

Msi wa Kizingitini: Naona mumenipita. Nahodha bado hajaomba radhi.

Nahodha Mstaafu: Radhi ya nini? Nilisema baadhi ya watu wa Lamu.

Msi wa Kizingitini: Panda yuu ukasome ulichoandika. Hakuna "baadhi". Na ukishasoma utwambie na majuya yanayovutwa hapo hapo Malindi, na juya limepigwa marufuku nchi nzima, ni ya Mbajuni gani.