Likizo ya bichi Puerto Rico na bi mkubwa na watoto watatu, tukae wapi na tuzunguke wapi? Naombeni ushauri

Mdigo_wa_Ohio

Habari za saa hizi wakuu. Nipo Columbus na mke na watoto watatu (13, 9 na wa mwisho ana 4), na sasa hivi bi mkubwa, yaani mama, yupo kwetu, kaja kutoka Tanga kututembelea. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua ila macho na mdomo viko fiti haswa. Tangu afike ni baridi na kukaa ndani tu, kila siku ananiuliza hivi nyie huku bahari mnaionea kwenye televisheni? Basi siku moja mdomo ukaniponyoka nikaahidi kwamba mwezi wa sita shule zikifungwa tunaenda baharini wote, wiki nzima.

Nikaanza kuangalia Jamaica, nikahamia Barbados, nikaangalia na zile meli kubwa zinazozungusha watu visiwa, kila nikifika kwenye karatasi za mama naishiwa nguvu. Mimi na mke tuna grini kadi, watoto wamezaliwa huku, yeye ana viza ya matembezi na pasipoti ya Tanzania. Jamaa kazini akaniambia nenda Puerto Rico, ni Karibi ileile na hutoki Marekani.

Sasa plani yangu ni hii: tunafikia San Juan siku 7 na kila siku tunatoka safari moja, yaani bichi ya Luquillo, msitu wa El Yunque, kisiwa cha Culebra, kisiwa cha Vieques tuone yale maji yanayowaka usiku (yanang'aa kwa vijidudu vilivyomo), mji wa Ponce, mapango ya Camuy, halafu siku ya mwisho mji mkongwe. Mke kaisoma akauliza hii ni likizo au kampeni za ubunge.

Waliowahi kwenda nisaidieni, nini nikate nini nibakize, na je nikae San Juan au nje ya mji? Halafu hatuli nguruwe, nasikia kule kila sufuria lina nguruwe.

kitumbua_baridi

Mkuu mtu katoka Tanga, kapanda ndege zaidi ya saa 20, halafu unampeleka kuona minazi? Si ungesubiri arudi kwao tu 😂

Mdigo_wa_Ohio

Hahaha ndivyo alivyosema na yeye. Ila tiketi za watu watano kwenda Dar mwaka huu siwezi mkuu, hata nikiuza figo.

Otis_wa_Nax

Niaje wadau. Mimi ningesema Jamaica bado. Tulienda na wife na watoi tukalala Ocho Rios, hapo Dunn's River watoi walipanda yale maporomoko wakishikana mikono na watu hawajuani, maji inawapiga kwa kifua, mpaka leo hiyo ndio story yao. Na lugha hausumbuki, Puerto Rico ukitoka kwa hoteli ni Kispanish tu. Lakini sisi wote tuko na pasi ya hapa so hiyo mambo ya visa ya mathe siwezi kushauri, angalia vizuri.

MamaMapacha_TX

Kaka Mdigo shikamoo ya mama kwanza, mfikishie.

Sisi tulienda mwaka jana na mapacha wangu (walikuwa na miaka 6) na baba mkwe ambaye naye alikuja na viza ya matembezi, kwa hiyo hili la karatasi nalijua. Kitabu cha mama kifungue uangalie kwenye stika ya viza, pale panapoonyesha anaruhusiwa kuingia mara ngapi. Pakiwa na M anaweza kutoka na kurudi, pakiwa na 1 basi hiyo moja kashaitumia siku aliyotua, akitoka kwenda Jamaica hana cha kumrudisha. Puerto Rico haihusiki na hayo yote kwa sababu ni safari ya ndani, ni kama unakwenda Florida, ila muda wake wa kukaa uwe haujaisha. Beba pasipoti yake na grini kadi zenu mkononi, usiziweke kwenye begi la chini, maana uwanja wa San Juan maafisa wa uhamiaji wanaweza kukuuliza wakati wa kurudi.

Sasa plani yako. Mkeo yuko sahihi. Ponce na Camuy futa kabisa, siyo kwamba ni pabaya, ila Ponce ni saa moja na nusu kwenda na ukirudi jioni unakuta foleni ya kuingia San Juan, na mtoto wa miaka 4 nyuma anauliza tumefika? tumefika? Kisiwa kwenye ramani kinaonekana kidogo kumbe barabara zina lao. Na usishangae, vibao vya umbali viko kwa kilomita, vibao vya spidi viko kwa maili, petroli wanauza kwa lita. Baba mkwe alifurahi sana hapo akasema hawa bado hawajaamua wao ni nani.

Sisi tulikaa Luquillo na ningerudi kesho. Ni kama dakika 45 kutoka uwanja wa ndege, tulikodi apatimenti yenye jiko, na ile bichi kubwa ya pale imejipinda kama mundu halafu mbele kuna miamba inayovunja mawimbi, maji yametulia kabisa, unaingia unatembea unatembea bado yako kiunoni. San Juan upande wa Isla Verde na Condado bichi ni nzuri za picha lakini bahari ni wazi na mkondo unavuta, mimi mtoto wa miaka 4 simwachi hapo hata kwa sekunde.

Kutoka Luquillo, El Yunque ni hapo nyuma tu. Usiogope magoti ya mama, barabara namba 191 inapanda na gari mpaka ndani ya msitu, na maporomoko ya La Coca yako kando ya lami kabisa, unapaki unashusha kioo unayaona. Baba mkwe hakutembea hata hatua hamsini na bado kapiga picha kuliko wote. Mvua mtanyeshewa, beba nguo za kubadilisha. Usiku mtasikia kelele za coquí, kachura kadogo kama ncha ya kidole gumba lakini sauti yake ko-KII ko-KII mpaka alfajiri, mimi siku ya kwanza nilidhani ni alamu ya gari la mtu.

Culebra sasa, nitaandika kwa uchungu. Boti inaondokea Ceiba, siyo San Juan, na nauli ni rahisi mno, ndiyo maana kila mtu anaitaka. Wakazi wa visiwani wanapewa kipaumbele (na ni haki yao, wao ndiyo hiyo daladala yao ya kwenda hospitali na sokoni). Sisi tuliamka saa 10 alfajiri, tukabeba watoto wamelala, boti ya asubuhi ikajaa, tukapata ya mchana, tumefika bichi ya Flamenco tumeogelea saa moja na nusu tukaanza kuwaza foleni ya kurudi. Bichi yenyewe usinielewe vibaya, mchanga mweupe kama unga wa ngano, na kuna vifaru viwili vya kijeshi vimeoza kwa kutu pale ufukweni vimepakwa marangi, jeshi la majini la Marekani lilikuwa linafanyia mazoezi ya mabomu hapo mpaka 1975. Ila kwa mzee na mtoto mdogo, kwa siku moja, hapana. Kama mkeo na wewe mna hamu, mmoja abaki na mama mwingine aende na wakubwa.

Na umechanganya jambo moja, maji ya kuwaka hayapo Vieques tu. Fajardo kuna Laguna Grande, dakika chache kutoka Luquillo, unarudi kulala kwako. Ni kayaki, kwa hiyo piga simu uulize umri wanaochukua, wa miaka 4 hatachukuliwa. Chagua usiku usio na mbalamwezi, hili usilipuuze, jirani zetu walikwenda siku ya mwezi mpevu wakarudi wananuna.

Kajole

Naona mnamwogopesha mtu na San Juan bure. Mimi nimefanya kazi kule miezi 8 hotelini. Usikae wiki nzima Luquillo, jioni pakishafungwa hakuna cha kufanya na kijana wa miaka 13 atakununia mpaka mrudi Ohio. Gawanya, usiku 4 Luquillo, usiku 3 San Juan. Bichi ya Escambrón ina kinga ya miamba nayo, watoto wanaogelea na vinyago vya kutazamia samaki pale pale karibu na mji mkongwe.

Mji mkongwe nendeni saa za jioni jua likipoa. Mawe ya barabarani ni ya rangi ya bluu hivi, yakilowa yanateleza kama sabuni, kwa hiyo mama avae viatu vya kushika. Ngome ya El Morro kiingilio ni dola 10 kwa mtu mzima, chini ya miaka 16 hawalipi, na tiketi hiyohiyo unaingilia San Cristóbal ndani ya saa 24. Lakini raha yenyewe ni bure, ule uwanja wa majani mbele ya ngome, upepo wa bahari hauishi, familia nzima nzima zinarusha tiara. Nunua moja dukani mpe wa miaka 9, wewe na mama mkae kwenye majani.

Halafu hakuna aliyetaja Loíza jamani? Iko njiani kabisa kati ya San Juan na Luquillo ukipita njia ya pwani ya Piñones. Ni mji wa watu weusi, mababu zao ni watumwa na waliotoroka utumwa, na ndiyo nyumbani kwa ngoma ya bomba. Sasa mama wa Tanga atakaa hapo na atakuelezea mwenyewe. Kwenye bomba mchezaji ndiye anamwongoza mpiga ngoma. Anaingia duarani, anaisalimia ngoma, halafu kila anavyotupa sketi au bega yule wa ngoma ndogo anamfuata, akikosea kila mtu anajua. Mara ya kwanza naona nilisimama pale na kikombe cha dafu mkononi mpaka barafu ikayeyuka.

Mafuu ya nazi wanayachonga vinyago vya mashetani vyenye pembe, rangi nyekundu na njano, vya mwezi wa saba kwenye sikukuu yao kubwa. Hivyo mtoto wa miaka 4 vitamtisha, ila vitamtisha vizuri.

MamaMapacha_TX

Kajole hapo kwenye kugawanya nakubali, sikuwa na kijana wa 13 mimi. Ila siku ya kuhama mizigo na watu sita ni siku imeliwa, ahesabu hilo.

Sheha_mstaafu

Kuhusu chakula. Ni kweli nguruwe yuko kila mahali na amejificha. Mofongo ni ndizi mbichi zimekaangwa halafu zinatwangwa kwenye kinu cha mti na vitunguu saumu, utaipenda, lakini humo wanatwangia na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Maharage yana vipande vyake. Mafuta ya kukaangia nayo uliza. Jifunze neno moja tu, "sin cerdo", bila nguruwe, na ulirudie mara mbili. Salama yenu ni samaki. Kwenye vibanda vya Luquillo pale barabarani (ni vingi, kama 60, vimepangwa mstari mmoja) agiza chillo frito, ni changu mzima na kichwa chake kakaangwa mkavu, na tostones (ndizi mbichi zilizobonyezwa na kukaangwa) pembeni. Bi mkubwa atakula kwa mkono na hakuna atakayemwangalia.

Kwenye bajeti, kodi ya mauzo ni asilimia 11.5, inashtua kwenye risiti. Gari kodi mapema na siti ya mtoto ubebe ya kwako, mimi nilipewa chakavu ina makombo ya biskuti ya mwaka juzi.

Otis_wa_Nax

Na hurricane? June si ndio zinaanza?

Kajole

Msimu ni tarehe 1 mwezi wa sita mpaka 30 Novemba, ila mbaya zenyewe ni kuanzia wa nane mwishoni hadi wa kumi. Kile kimbunga Maria kilipiga 20 Septemba 2017. Mwezi wa sita mwanzoni mimi naenda bila wasiwasi, ila nakata tiketi inayobadilishika. Kinachosumbua zaidi mwezi huo ni mwani, kuna siku unafika bichi imejaa majani ya kahawia yananuka kama mayai viza, basi unahamia bichi nyingine. Na vumbi la Sahara, ndiyo, linavuka bahari yote ile linafika, mwenye pumu abebe dawa.

Mdigo_wa_Ohio

Wakuu asanteni sana. Nimekaa na mke jana usiku tukapitisha kalamu: Luquillo usiku 4, El Yunque kwa gari, mimi na hao wawili wakubwa Laguna Grande usiku wa giza, Loíza siku ya kuhama ili siku isiliwe bure, San Juan usiku 3, tiara. Culebra tumefuta, mke anasema ataiona kwenye simu yangu ya mkononi.

Viza ya mama ni 1. Kwa hiyo Otis, Jamaica ingenifunga.

Nilipomsomea hapa mambo yenu kasikiliza kimya mpaka kwenye nguruwe, halafu kauliza swali moja tu: huko wanakojua ndizi na nazi, mbaazi wanazijua?

Sheha_mstaafu

Mwambie ndiyo chakula chao cha sikukuu. Wanaziita gandules, wanapika na wali, ila huo wa mtaani una nguruwe. Aingie supamaketi yoyote, za makopo zipo, tui la kopo lipo, na kwenye apatimenti jiko mnalo.

MamaMapacha_TX

Ila maembe asijaribu kurudi nayo! Kabla ya kukabidhi mabegi uwanjani watu wa kilimo wanayapitisha kwenye mashine yao, embe bichi au bivu haliruhusiwi kwenda bara. Baba mkwe alikuwa na manne kwenye kanzu. Akasimama pembeni ya ile meza akala mawili, mengine akampa afisa, afisa naye hakuruhusiwa kupokea.

Mdigo_wa_Ohio

😂😂 Umechelewa dada, kashaniuliza kama begi lake la pili litakuwa tupu wakati wa kurudi. Iliki kashafunga kwenye kitambaa.