Mkanada wa pwani ya magharibi ni nani hasa?

Mkazi wa Burnaby aliuliza:
Wadau, salaam. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa British Columbia, jimbo la Kanada la pwani ya magharibi, na bado Ukanada unanipiga chenga. Kila ninayemwuliza huanza kwa kunieleza asivyo: yeye si Mmarekani, wala hamwendei daktari na pochi mkononi. Ikifika Jumamosi, huyo huyo anapakia watoto garini na kuvuka mpaka hadi Bellingham, upande wa Marekani, kununua maziwa na petroli. Ndugu zangu nao hupiga simu kuuliza kama theluji imenifika magotini, ilhali mwezi Desemba hapa ni mvua juu ya mvua na majani yamebaki ya kijani. Je, Ukanada upo kweli, au ni jina tu la kutokuwa jirani?

Mama Wawili, Surrey:
Ndugu yangu, usiudharau utambulisho unaojengwa kwa kukana. Nchi ya watu milioni 40 hivi, inayopakana na nchi ya zaidi ya milioni 330, haina budi kujua mpaka wake umepita wapi. Mwaka 1969 Waziri Mkuu Pierre Trudeau, akiwa Washington, aliifananisha hali hiyo na kulala karibu na tembo: hata awe mpole namna gani, akijigeuza tu utajua. Mwaka 2025, Rais Trump alipozungumzia kuifanya Kanada jimbo la 51 la Marekani, majirani zangu wa maziwa ya Bellingham waliacha kuvuka, bila kuamriwa na mtu.

Ama ile sifa ya kuomba radhi, si porojo. Mwaka 2006 jimbo letu lilitunga sheria kwamba kuomba radhi hakuhesabiwi mahakamani kuwa ni kukiri kosa. Ukikanyagwa kwenye treni, wewe uliyekanyagwa ndiye unayewahi kusema samahani, nami nimeshaambukizwa.

Babu wa Victoria:
Dada, umesema vyema, ila umemtaja jirani mmoja tu. Kwa mtu wa pwani hii kuna jirani wa pili, naye ni Toronto, jiji kubwa kuliko yote Kanada, kule mashariki. Tangu mwanzo tulikuwa mbali naye: British Columbia ilijiunga na Kanada mwaka 1871 kwa ahadi ya reli, na msumari wa mwisho ukapigiliwa mahali paitwapo Craigellachie, humu jimboni, mwaka 1885. Hadi leo, kwao ikiwa saa sita mchana, kwetu bado ni asubuhi, na milima ya Rockies iko katikati. Wao husema sisi ni watu wa kupanda milima na kukwepa kazi. Sisi husema wao wanadhani nchi inaishia pale mtaa wao unapoishia. Kwa gari kutoka Vancouver, Seattle ya Marekani ni mwendo wa saa tatu hivi. Toronto ni safari ya siku kadhaa.

Hata hivyo, naomba tusilewe sifa ya upole. Maelfu ya Wachina walichonga njia ya reli hiyo milimani, na mwaka ule ule ilipokamilika, serikali ilianza kumtoza karibu kila Mchina aliyetaka kuingia nchini kodi ya dola 50, ambayo kufikia 1903 ilikuwa dola 500. Ardhi ya Vancouver yenyewe ni ya wenyeji wa asili, Wamusqueam, Wasquamish na Watsleil-Waututh, ambao hawakuwahi kuikabidhi kwa mkataba. Mtu akiniuliza Ukanada wa hapa, naanzia hapo kabla ya kufika kwenye samahani.

Dereva wa Zamu ya Usiku:
Mimi siijui historia kama Babu. Ninachokijua ni kwamba abiria wangu, awe mlevi au mwanafunzi, huteremka kwa mlango wa nyuma na kunipigia kelele za asante basi zima lisikie.

Mkazi wa Burnaby:
Shikamoo Babu, na asanteni nyote. Kumbe swali langu lilikuwa na jirani mmoja pungufu. Dereva, hizo asante nazipiga kila siku, na sikumbuki nilianza lini.