Tope limetolewa mtaroni likaachwa ukingoni, mvua imelirudisha. Kazi gani hii?

Wakuu, naandika nina hasira, mnivumilie.

Nakaa bonde la mto Msimbazi, Dar, nyumba ya tatu kutoka kwenye mtaro unaomwaga maji mtoni. Wiki tatu kabla ya masika kilikuja kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Tulifurahi, kinamama wakawapelekea vijana wa kazi maji ya kunywa. Siku nne kikachimba, likatoka tope jeusi na kila takataka: chupa, viroba, pampasi, matairi, hadi godoro zima. Mtaro ambao watoto walikuwa wanauvuka kwa miguu ukapata kina cha kumzamisha mtu mzima.

Kazi ikaishia hapo. Tope lote likarundikwa ukingoni, hatua mbili tu kutoka lilipotolewa. Tukauliza, lori liko wapi? Tukajibiwa, "Likikauka litabebwa." Likakauka mpaka likapasuka, mbuzi wakawa wanapanda juu yake. Lori hatukuliona.

Mvua kubwa ya kwanza ikaja saa nane usiku. Nimesimama mlangoni na tochi, naona lile rundo linameguka vipande vipande linaporomokea mtaroni. Kulipokucha, lile godoro limelala pale pale lilipotolewa! Maji yalikosa njia yakaingia ndani. Mke wangu anauza maandazi. Mfuko wa ngano wa kilo 25, alioununua jana yake, umegeuka uji.

Na kingine: walianzia juu. Kalavati la huku chini, karibu na mto, hawakuligusa kabisa. Sasa umepanua njia juu, chini umeacha kumezibwa, maji yaende wapi? Mtaro unaanza kuzibuliwa kule unakomwagia, ndipo unapanda. Hata fundi wa mtaani analijua hilo.

Msimbazi unashuka na mchanga kutoka vilima vya Pugu. Ukifika huku tambarare maji yanapunguza kasi, mchanga unatua. Kwa hiyo kuchimba ni kazi ya kila mwaka, na kinachochimbwa lazima kiondoke eneo lile. Si siri hii. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar, wengine wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Pale Jangwani, barabara inapovuka mto huu, imefungwa mara ngapi, mabasi ya mwendokasi yakasimama? Bado tunarundika tope ukingoni!

Najua kuna watakaosema "hameni mabondeni." Sawa, lakini maji yanayopita mlangoni kwangu yanatoka mitaa ya juu, kwenye lami na uwanja uliosakafiwa, wao wakauke mimi nielee. Na wapo majirani wanaotupa pampasi mtaroni na kutapisha vyoo mvua ikianza. Nimewagombeza uso kwa uso na nitaendelea. Ila jirani yangu hana kijiko wala lori.

Nataka kujua jambo moja: malipo yalikuwa ya kuchimba tu, au kuchimba na kubeba? Kama ni kuchimba tu, aliyeandika mkataba huo alidhani tope litatembea? Kama na kubeba kulilipwa, lori lije wiki hii, maana nusu ya rundo bado iko ukingoni na mvua hazijaisha.

Mwenye picha ya mtaa wowote Dar ambako tope lilibebwa kweli, aiweke hapa niwaonyeshe wahusika.