Kware dume anawatoboa majike utosi, nifanyeje?

Mfugaji wa Kimara
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri, moyo unaniuma. Nafuga kware 14 uani, kwenye kizimba kimoja cha waya kinachonifika magotini. Nimewalea tangu vifaranga, sasa wana wiki 8. Walikuwa wakilala wamebanana kona moja kwa amani kabisa. Jana asubuhi nimekuta jike utosi umechunika, damu imemgandia mpaka jicho halifunguki. Kuna dume mmoja anawang'ata kisogoni, anapanda, akishuka anamfuata mwingine. Nimkate mdomo?

Babu Kware
Usikate. Una madume wangapi?

Mfugaji wa Kimara
Wenye kifua cha kahawia bila madoa ni 6. Wa madoadoa 7. Mmoja mweupe mtupu, huyo sijui.

Babu Kware
Basi shida si huyo mmoja, mkuu. Dume mmoja anataka majike 3 hadi 5, wewe umewawekea karibu sawa kwa sawa. Wakifika wiki 6 hadi 8 wamepevuka, ule udugu wa utotoni unaisha. Bakiza 2, na kama hutotoleshi toa wote, majike watataga vilevile. Mweupe mshike, bonyeza taratibu kile kivimbe juu ya tundu la nyuma. Likitoka povu jeupe, dume huyo.

Mama Vifaranga
Pole sana mdogo wangu. Mtoe mgonjwa leo hii, kware wakiona damu wanadonoa wote, hata majike wenzake. Mwoshe kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, mweke kwenye boksi lenye matundu karibu na wenzake, asirudi mpaka ngozi ifunge. Ila kagua na paa la kizimba. Kware akikimbizwa anaruka wima kama risasi, na urefu huo wa magoti unampa nafasi ya kujipigiza waya kwa nguvu. Mimi nilimlaumu dume wiki nzima kumbe nusu ya vidonda ni vya paa. Funga kiroba kilegee kwa ndani, na uwawekee matawi ya kujificha. Taa unazima saa ngapi? Na wanakula nini?

Mfugaji wa Kimara
Taa inawaka usiku kucha dada, niliambiwa wanataga zaidi. Chakula ni cha kuku wa mayai.

Mama Vifaranga
Mwanga wa saa 14 hadi 16 unatosha, jua likiwemo. Wasipolala wanakuwa wakali. Na hicho chakula protini yake haiwatoshi, changanya dagaa waliosagwa.

Mfugaji wa Kimara
Mrejesho, siku ya nne. Mweupe katoa povu! Nimebakiza madume 2 watulivu, wengine 5 wameenda jikoni, yule mkali akiwemo. Kiroba nimefunga, taa nazima saa 3 usiku. Jike kidonda kimekauka, jicho limefunguka, na leo kataga ndani ya boksi.