Mjadala: Maji yakishuka, watu wapewe pesa au wapewe vitu?

Asalaam aleikum wajameni. Hili tumelibishania ofisini, kwenye matatu ya Garsen, na juzi msibani mpaka tukanyamazishwa. Nalileta hapa. Mtu aliyefikwa na mafuriko, au ukame, au aliyehama kwake kwa kuogopa bunduki, atumiwe pesa kwenye simu au apelekewe unga, mabati na nyavu?

Nakaa Malindi. Kazi yangu kwa miaka kadhaa ni kuandikisha watu wa kupokea pesa hizo, hasa Magarini, ng'ambo ya mto Sabaki. Msimamo wangu nautoa mapema: pesa, na zisiwekewe masharti.

Wapinzani huanza na muguka, yale majani ya kutafuna. "Ukimpa mwanamume pesa asubuhi, jioni ziko shavuni." Nimelisikia barazani mara nyingi, na zaidi ya mara moja msemaji mwenyewe shavu limemjaa. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilichapisha mapitio ya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali, na kwa jumla msaada wa pesa haukuonekana kuongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Walevi wapo, sikatai. Walikuwepo hata enzi za mahindi ya njano ya 1984. Na gunia pia huuzwa, tena kwa bei ya kutupa, maana kijiji kizima kinalo gunia lile lile siku ile ile.

Lakini kilichonigeuza mimi ni daftari, si tafiti. Baada ya mvua za El Nino za mwisho wa 2023 nilikuwa kijiji kimoja cha huko pesa zilipoingia. Mama mmoja alisomewa ujumbe na bintiye, akajifunga leso vizuri, akaenda moja kwa moja kwenye duka la mabati lililo karibu na kisima. Hakununua kitu. Alisema, "Nifungulie langu." Mwenye duka akatoa daftari lililovimba kwa maji, kurasa zimegandana, akazibandua kwa ukucha mpaka akalipata jina. Akasoma kwa sauti: unga, unga, mafuta ya kupima, sabuni kipande, unga, nauli ya hospitali. Akajumlisha mara mbili, mama naye akihesabu kwa vidole. Kisha akapiga mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Mama akapumua, na papo hapo akakopa majani ya chai na kiberiti.

Kwenye fomu niliandika "kulipa deni". Mkubwa wangu hakufurahi. Kwake yeye pesa hiyo imepotea, haikununua chakula. Nikamwambia, bwana, chakula kilishaliwa, kililiwa wakati sisi tuko kwenye mikutano. Aliyewalisha watu wiki zile ni yule mwenye duka, na asingelipwa angefunga. Gunia letu halilipi deni. Likija mlangoni kwake, linamuua.

Nasikiliza.

Mvuvi wa Amu (Lamu): Waaleikum salaam. Nakuunga mkono nusu. Hapa kwetu shirika moja lilikuja na boti ya faiba, watu kumi na watano chombo kimoja, "kikundi". Mafunzo siku tatu, soda, picha. Injini ilipokufa kila mtu akamtazama mwenziwe. Boti iko pale ufuoni, kuku wanatagia. Wangetupa pesa kila mtu angetengeneza ema zake za kutegea samaki, angeziba dau lake, na mambo yangekwenda. Wenye zombo ni sisi, lakini wanaotuchagulia zombo hawajalala baharini hata usiku mmoja.

Ila na mimi nina langu la kukiri. Mahakama Kuu ilipoamua 2018 kwamba wavuvi tulipwe bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari ya Lamu, na sisi ni zaidi ya elfu nne, mabishano yakawa haya haya: kiasi gani kiwe taslimu, kiasi gani kiwe boti na nyavu. Mimi nilikuwa wa "taslimu yote". Mzee wangu akaniuliza, "Utaipata msimu gani?" Sikumwelewa. Pesa ikikufika kusi limevuma, huwezi kutoka, unaila hadi iishe. Ikikufika kaskazi inakaribia, unatengeneza chombo. Nyinyi mnaoandikisha watu hamuyui kabisa habari ya pepo. Mnatuma mwezi wa sita kwa sababu bajeti yenu inafungwa mwezi wa sita.

Dada wa Malindi: Mnabishana pesa au unga, hamsemi laini ni ya nani. Mama yangu ameandikishwa, laini imesajiliwa kwa jina la kaka. Kaka ana deni la mkopo wa simu. Pesa ikaingia, deni likajikata lenyewe, mama akabaki na ujumbe wa kumshukuru. Unga haujikati.

Mwenye duka, Hindi (huku Lamu): Mimi ndiye mnayeniita mlanguzi. Novemba 2023 barabara ya Garsen ilikatika kwa maji, malori yakalala Gamba. Dukani kwangu yalibaki marobota manne ya unga. Wakati huo huo watu wakatumiwa pesa. Wakaja wote asubuhi moja, simu mkononi. Nifanyeje? Nikipandisha bei mimi ni mwizi. Nisipopandisha, wa kwanza anabeba robota zima na wa kumi anarudi mikono mitupu. Nilipandisha kidogo na nikakataza mtu kubeba zaidi ya pakiti mbili. Matusi nilikula, mpaka ya watoto. Hapo ni Hindi, barabarani. Nendeni Basuba, kule msituni kwa Waaweer, muone hiyo pesa ya simu mtaitolea kwa wakala gani na mtanunua nini.

Aliyeanzisha mjadala: Dada, hilo la laini ni kosa letu. Fomu ina sehemu ya namba, haina sehemu ya kuuliza namba ina madeni gani, wala imesajiliwa kwa nani. Nimemwona bibi akipokea pesa zake kupitia kwa mjukuu aliyeko Mombasa, na nikamwandika "amefikiwa".

Mvuvi, la pepo nimelichukua.

Mwenye duka, wewe ndiye uliyenishika pabaya. Nilimsifu yule wa Magarini mwenye daftari kana kwamba maduka yote yana mzigo. Lake lilikuwa na mzigo kwa sababu maji yaliposhuka pikipiki zilifika. Bado nasema pesa, na kwa Magarini, Malindi, Amu mjini, sirudi nyuma. Kwa Basuba sasa sina la kusema, mtu haumwi na njaa ya noti. Na pale barabara inapokatika, pengine wa kukopeshwa kwanza ni wewe, ujaze stoo kabla ya mvua za Novemba, ndipo hao wengine watumiwe.

Wiki ijayo tunaanza usajili mpya. Nimeomba siku moja kabla ya kuita baraza, nipite duka kwa duka nihesabu marobota. Mkubwa ameuliza hiyo siku ataiandika kwenye fungu gani.

Mwenye duka, Hindi: Ukija usije Ijumaa.